Maneno ya meza ya pool: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Bagamoyo

Bagamoyo meza za pool zipo, kuanzia Magomeni hadi Dunda, nyingine chini ya banda la makuti, nyingine kwenye kibaraza cha baa, na kila meza ina sheria zake. Anayetoka Dar kuja kupumzika wikiendi anakuja na za kwake. Mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, aliyekulia Mwanza naye ana za kwake, na mvuvi aliyemaliza kuuza samaki wake anajua zile alizofundishwa na baba yake mdogo. Ugomvi mwingi unaanzia hapo: neno moja, maana mbili, na sarafu imeshaingia. Majibu haya ni ya msimamizi wa meza ambaye ameombwa kuamua mara nyingi kuliko anavyopenda. Penye sheria za kimataifa nimesema hivyo, na penye mazoea ya mtaani nimesema pia.

Pool, biliadi na snuka ni mchezo mmoja?

Hapana. Biliadi ni jina la jumla la michezo yote ya fimbo na mipira juu ya meza yenye kitambaa. Iko biliadi isiyo na mashimo kabisa, yenye mipira mitatu. Aina yake ngumu kuliko zote inakutaka mpira wako uguse kingo mara tatu au zaidi kabla ya kukamilisha kugonga mipira miwili mingine. Wanaoicheza hiyo hutuona sisi wa mashimo kama watoto.

Snuka ina meza kubwa, futi 12 kwa 6, na mipira 22: mweupe mmoja, myekundu 15 na sita ya rangi nyingine yenye thamani ya pointi 2 hadi 7. Kilele chake bila makosa ya mpinzani ni pointi 147 kwa zamu moja. Mchezo huo ulianzishwa na maofisa wa jeshi la Uingereza mjini Jabalpur, India, mwaka 1875.

Pool ni ile ya mashimo sita kwenye meza ya futi 7, 8 au 9. Za sarafu huwa za futi 7. Yote yanayofuata hapa ni ya pool, na hasa pool ya mipira 15 ambayo nyeusi, namba 8, ndiyo ya mwisho.

"Ndogo" na "kubwa" ni zipi, mbona mipira yote ina ukubwa mmoja?

Wanazungumzia namba. Ndogo ni 1 hadi 7, zenye rangi mwili mzima. Kubwa ni 9 hadi 15, nyeupe zenye mkanda wa rangi, ndiyo maana wengine huziita za mistari. Rangi zinajirudia: 1 na 9 njano, 2 na 10 bluu, 3 na 11 nyekundu, 4 na 12 zambarau, 5 na 13 chungwa, 6 na 14 kijani, 7 na 15 rangi ya damu ya mzee. Nyeusi ni namba 8 na haina ndugu.

Kuna meza zinazotumia nyekundu na njano tupu, bila namba. Hiyo ni pool ya Kiingereza, na mipira yake ni midogo, kipenyo kama milimita 51 badala ya 57 za ile ya Kimarekani. Mchezo unafanana, ila sheria za faulo zinatofautiana. Nitazigusa chini.

Chaki inasaidia nini hasa, au ni mbwembwe?

Inasaidia, na mbwembwe pia ipo. Ncha ya fimbo ni kipande cha ngozi. Ngozi ikiwa laini na imeng'aa kwa kutumika, inateleza juu ya mpira pale unapoupiga nje ya katikati, na unasikia ule mlio mkavu huku mpira ukienda upande wake. Chaki inaongeza msuguano ili ncha ishike.

Hii si chaki ya ubaoni, kwa hiyo usije na ya shuleni. Chaki ya pool hutengenezwa kwa unga wa silika na madini magumu yanayokwaruza, na waliosajili hataza yake ni Wamarekani wawili, William Spinks na William Hoskins, mwaka 1897. Paka kwa kufuta juu ya ncha kama unapaka rangi. Kuzungusha kidude kama unachimba kisima kunatoboa chaki katikati na kuacha kingo za ncha zikiwa tupu, na kingo ndizo unazozihitaji. Halafu usiiache juu ya meza uso ukiangalia chini; lile vumbi la bluu ukingoni linaishia kwenye mashati ya watu.

Mipira inapangwaje kabla ya kuvunja?

Ndani ya pembetatu, mpira wa mbele ukiwa juu ya nukta iliyochorwa mezani, nyeusi katikati ya mstari wa tatu, na kwenye kona mbili za nyuma ndogo moja na kubwa moja. Mingine popote. Ikaze iguse yote; ikiachiana nafasi, mvunjaji ataulaumu mkono wake bure.

Kuvunja ni pigo la kwanza, nyeupe (mpira unaogongwa kwa fimbo) ikitokea nyuma ya mstari wa kuanzia. Kwa sheria za Shirikisho la Dunia la Pool, WPA, kuvunja halali kunataka uingize mpira, au mipira isiyopungua minne iguse kingo. Anayegusa kwa woga ili asiharibu hajavunja, na mpinzani ana haki ya kudai ipangwe upya.

Nani avunje? Mtaani ni mshindi wa gemu iliyopita, au aliyelipa. Mashindanoni wachezaji wawili hupiga kwa pamoja, kila mmoja na mpira wake, uende ukingo wa mbali na kurudi. Ambaye mpira wake umesimama karibu zaidi na ukingo wa kuanzia ndiye anayechagua.

"Meza iko wazi" maana yake nini?

Kwamba hakuna mwenye ndogo wala kubwa bado. Hapa ndipo watu wanakoseana sana. Umevunja, 11 ikaingia. Mtaani tayari wewe ni wa kubwa, hakuna mjadala. Kwa sheria za WPA meza bado iko wazi: unaendelea kupiga, lakini kundi lako litajulikana kwa mpira wa kwanza utakaouingiza kihalali baada ya pigo la kuvunja. Mimi naona ya WPA ni ya haki zaidi, maana kilichoingia kwenye kuvunja ni bahati tupu. Ila ukiwa ugenini fuata ya wenyeji.

Nyeusi ikiingia kwenye kuvunja, nimeshinda au nimeshindwa?

Swali hili ndilo limewahi kukaribia kuvunja fimbo kwenye meza yangu, basi tulitulize.

Sheria za WPA hazikupi ushindi wala hazikunyimi gemu. Nyeusi ikiingia kwenye kuvunja, mvunjaji anachagua: irudishwe kwenye nukta aendelee, au mipira ipangwe upya avunje tena. Nyeupe ikiingia pamoja nayo, uchaguzi wa namna hiyo unahamia kwa mpinzani.

Sasa angalia meza ya sarafu. Unatumbukiza sarafu, unasukuma ulimi wa chuma, mipira inashuka kwa kishindo kwenye sanduku la mwishoni. Kuanzia hapo kila unaouingiza unateremka kwenye mfereji ulio chini ya meza na kufungiwa ndani mpaka sarafu nyingine ilipwe. Nyeusi ikiingia huwezi kuirudisha kwenye nukta kwa sababu huna njia ya kuitoa. Ndiyo maana baa duniani kote zilijitungia sheria fupi: kwingine nyeusi kwenye kuvunja ni ushindi wa papo hapo, kwingine ni kushindwa papo hapo. Ni mashine iliyotunga sheria hiyo, kwa hiyo usitafute busara ndani yake.

Kwa hiyo kabla hujavunja, uliza: "Kaka, nyeusi ikiingia hapa mnafanyaje?" Akisema unashinda, haya. Akisema unashindwa, haya pia. Kinachokera ni kusikia jibu baada ya nyeusi kuingia, tena kutoka kwa mtu mwenye maslahi.

Faulo ni zipi?

Zile zinazotokea kila siku: nyeupe kutumbukia, kugonga kwanza mpira wa mwenzio au nyeusi kabla ya wakati wake, kutogusa kitu, mpira kuruka nje ya meza, kupiga wakati mipira bado inatembea, kutokuwa na hata mguu mmoja sakafuni, kugusa mpira kwa shati, mkono au kanzu.

Ile ambayo wengi hawaijui: baada ya nyeupe kugonga mpira wako halali, lazima uingie mpira wowote, au mpira wowote (hata nyeupe yenyewe) uguse ukingo. Ukigusa polepole vikasimama vyote katikati ya meza, ni faulo. Mtaani hii haifuatwi kabisa, na ndiyo maana gemu nyingine huchukua nusu saa, wawili wakiguseana mipira kama wanaogopa kuiamsha.

Iko pia faulo ya kugusa mara mbili. Nyeupe ikiwa imekaribiana mno na mpira unaoulenga, fimbo ikisonga mbele inaigonga nyeupe, nyeupe inasimama kwa kugonga mpira, na fimbo inaigonga tena. Macho hayaoni, ila dalili ipo: nyeupe inaufuata ule mpira kwa kasi ileile, jambo ambalo haliwezekani kwa pigo safi la kawaida. Inua mkia wa fimbo, au piga kwa pembeni.

Nikifanya faulo mwenzangu anapata nini?

Kwa WPA anapata mpira mkononi: anaichukua nyeupe na kuiweka popote mezani. Popote kabisa, na anaweza kupiga upande wowote. Adhabu kali, na kwa mchezaji mzuri ni kama umempa gemu.

Mtaani mara nyingi nyeupe iliyotumbukia huwekwa nyuma ya mstari wa kuanzia tu, na unatakiwa upige kwenda mbele. Kama mipira yako yote imelala nyuma ya mstari, pole sana. Kwa pool ya Kiingereza ya zamani faulo inampa mwenzio mapigo mawili, yaani akikosa la kwanza bado ana la pili. Hizo ni sheria tatu tofauti, na nimewahi kuona zote tatu zikidaiwa ndani ya gemu moja, kila mtu akikumbuka ile inayomfaa wakati huo.

Nyeupe na nyeusi zikiingia pamoja?

Kama ulikuwa unapiga nyeusi ya mwisho, umeshindwa. Hilo halina ubishi, mtaani wala mashindanoni. Vilevile umeshindwa ukiingiza nyeusi kabla ya kumaliza kundi lako, ukiirusha nje ya meza, au ukiiingiza shimo ambalo hukulitaja. Lakini nyeupe ikitumbukia wakati nyeusi imebaki mezani, kwa WPA hiyo ni faulo ya kawaida tu: mwenzio anapata mpira mkononi na gemu inaendelea. Baa nyingi humshindisha mpinzani hapohapo. Ulizia mapema.

Lazima nitaje shimo kila pigo?

WPA inataka utaje mpira na shimo, isipokuwa pale panapoonekana wazi. Mtaani hutajwa nyeusi tu. Mwingine anagusa ukingo kwa fimbo, mwingine anasema "kona ile", mwingine anaweka sarafu karibu na shimo. Vyovyote iwavyo, mwenzio awe ameona kabla hujapiga.

Mbona kwenye meza hii nyeupe hairudi hata nikipiga chini?

Iangalie vizuri hiyo nyeupe, kisha ilinganishe na mipira mingine. Meza ya sarafu lazima iitambue nyeupe ikitumbukia ili iitoe kwa njia yake badala ya kuifungia. Watengenezaji wana njia tatu: waifanye kubwa kidogo ili isipite kwenye mfereji wa wenzake, waifanye ndogo kidogo, au waweke chuma ndani ivutwe na sumaku. Nyeupe kubwa ni nzito. Ikigonga mpira mwepesi haikubali kusimama, inataka kusonga mbele, na kuirudisha ni kazi ya jasho. Nyeupe ndogo ya meza za Kiingereza ni kinyume, inarudi kwa kuguswa tu.

Kwa hiyo ukihamia meza mpya, usianze kwa kujionyesha. Piga pigo moja la moja kwa moja, umbali mfupi, uone nyeupe inasimama wapi.

Kurudisha, kusimamisha, kufuata, kutia upande: yanapatikanaje?

Yote yanategemea unaigusa nyeupe wapi, na hali yake inapofika kwenye mpira.

Ukipiga juu ya katikati, nyeupe inakwenda ikibingirika mbele, na baada ya kugonga inaendelea kuufuata mpira. Huko ndiko kufuata. Ukipiga chini ya katikati inakwenda ikizunguka kinyumenyume, na baada ya kugonga inarudi kwako. Kusimamisha ni katikati ya hayo mawili: nyeupe ifike ikiteleza tu, bila kuzunguka mbele wala nyuma. Ikigonga mpira uliyonyooka nayo, inakaa palepale.

Siri ambayo wachezaji wa hapa hujifunza kwa kuchelewa ni kwamba kitambaa kinakula mzunguko. Nyeupe uliyoipiga chini inaanza safari ikirudi nyuma, msuguano unaupunguza ule mzunguko, inafika mahali inateleza tu, kisha inaanza kubingirika mbele. Kwa hiyo pigo lililorudisha vizuri kwa umbali wa viganja viwili linaweza kusimamisha kwa umbali wa meza nusu, na kufuata kwa umbali wa meza nzima, ingawa umepiga palepale kwa nguvu ileile. Ukitaka kurudisha kutoka mbali lazima ushuke chini zaidi au uongeze kasi.

Ukigonga mpira kwa pembe huku nyeupe ikiteleza, inaondoka kwa nyuzi 90 na njia ya ule mpira, mradi iwe na uzito sawa na wenzake. Hiyo ndiyo njia ya kujua mapema kama nyeupe yako inaelekea kutumbukia. Watu wengi wanaolalamika kwamba "nyeupe ina mkosi" wangeiona hiyo pembe mraba kabla ya kupiga, wangebadilisha.

Kutia upande ni kupiga kushoto au kulia kwa katikati. Faida yake inaonekana nyeupe inapogusa ukingo: ukitia kushoto, inadunda ikielekea kushoto zaidi. Hasara yake ni kwamba nyeupe haiendi hasa ulikolenga. Ukitia kushoto inachepuka kidogo kwenda kulia mara inapoachana na fimbo. Anayeanza asitie upande kabisa mpaka awe anaingiza mipira rahisi bila kufikiri. Nawaambia vijana hivyo kila siku, na kila siku naona mtu anapinda kiuno kutia upande kwenye mpira uliokaa mdomoni mwa shimo.

Nilenge wapi?

Chora mstari kichwani kutoka katikati ya shimo kupita katikati ya mpira unaotaka kuuingiza. Pale mstari unapotokea nyuma ya mpira, fikiria kuna nyeupe ya kivuli imeugusa. Nyeupe yako ya kweli iende ikakae mahali pa hicho kivuli. Lenga katikati ya kivuli, usilenge ile nukta ya mguso. Wakikwambia "piga nusu mpira," maana yake elekeza fimbo kwenye ukingo wa nje wa mpira unaolengwa. Mpira utaondoka kwa pembe ya nyuzi kama 30.

Kupiga ukingo na kupiga mpira kwa mpira?

Kupiga ukingo ni mpira unaolengwa kudunda kwenye ukingo kabla ya kuingia. Kama ni nyeupe iliyodunda kwanza ndipo ikagonga mpira, hilo ni pigo jingine, na hutumika zaidi ukiwa umefichiwa. Vile vialama vilivyo juu ya mbao za meza, 18 kwa jumla kwenye meza kamili, viliwekwa kwa ajili ya hesabu za kudunda. Meza ya zamani yenye raba iliyokufa hesabu hizo haizisikii.

Mpira kwa mpira ni kugonga mmoja uugonge mwingine uingie. Kama meza haiko wazi, wa kwanza kuguswa lazima uwe wako.

Mwenzangu ananifichia nyeupe kila zamu. Hiyo si fitina?

Ni mchezo. Kumficha mtu, au kumpiga snuka kama wanavyosema wengine, ni kuiacha nyeupe mahali ambapo hawezi kuuona mpira wake moja kwa moja. Ni halali, na mashindanoni ndiko kunakotofautisha wachezaji. Kwetu hapa anayejihami huzomewa, kwa sababu watazamaji wamekuja kuona mipira ikiingia na wanaosubiri zamu wana haraka. Nikiwa nasimamia siruhusu mzomeo. Mwenye sarafu yake acheze atakavyo, ilimradi ugusaji wake uwe halali.

Ni kweli mipira ya zamani ilikuwa pembe za ndovu, tena za kupitia hapa Bagamoyo?

Ni kweli ilikuwa pembe za ndovu, na Bagamoyo imo ndani ya habari hiyo.

Karne ya 19 njia kuu ya misafara ya kati ilianzia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikaishia hapa pwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe mabegani kwa miezi. Zikifika Bagamoyo zilivushwa kwa majahazi kwenda Unguja, na kutoka huko zikauzwa India, Ulaya na Marekani. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa viwandani kwa ulaini wake. Zilichongwa vitana, vibonyezo vya piano, mipini ya visu na mipira ya biliadi. Karavanserai, nyumba ya kufikia misafara, bado ipo mjini, ukiitembelea utapata picha ya ukubwa wa biashara ile, na ya watu waliobebeshwa mizigo yake.

Mpira wa biliadi ulikuwa bidhaa ya anasa kwa sababu unahitaji sehemu ya pembe isiyo na ufa, na tundu la mshipa lipite katikati kabisa, la sivyo mpira unabingirika ukipepesuka. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Bei ilipozidi kupanda, kampuni ya Phelan na Collender ya New York ikatangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Mmoja wa walioifanyia kazi changamoto hiyo alikuwa John Wesley Hyatt, na kazi yake ikazaa selulodi mwishoni mwa miaka ya 1860, moja ya plastiki za kwanza duniani. Selulodi ilishika moto kirahisi, ikaachwa baadaye. Mipira ya leo iliyo bora ni ya resini ya fenoli, aina ya plastiki, ngumu na yenye uzito uliolingana, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 1989.

Mtu akikuuzia "mpira wa zamani wa pembe" pale ufukweni, usinunue. Ama ni uongo, ama ni kesi.

Mbona masika meza inakuwa nzito?

Kitambaa kina sufu ndani yake, na sufu inanywa unyevu. Upepo wa bahari ukileta unyevu na mvua juu yake, mipira inakwenda polepole, na mpira uliokuwa unafika shimoni Januari unaishia njiani Aprili. Chini ya kitambaa meza nzuri ina bamba la jiwe, ambalo halipindi kwa unyevu. Meza ya bei nafuu ina mbao, na mbao za pwani sote tunazijua.

Tunachofanya: tunapiga brashi kila asubuhi kuelekea upande mmoja, tunafunika meza usiku, na fimbo tunazitundika wima. Fimbo iliyoegemezwa ukutani wiki nzima inapinda. Ibingirishe juu ya meza kabla ya kuichagua. Ncha ikirukaruka, irudishe. Na bia isiwekwe ukingoni. Hilo ni ombi la kwanza na la mwisho.

Nimesikia "pool ya tisa". Ni nini?

Inatumia mipira 1 hadi 9 tu, imepangwa kwa umbo la almasi, 1 mbele na 9 katikati. Lazima nyeupe iguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki, lakini ukishaugusa huo, wowote ukiingia ni halali. Anayeingiza 9 kihalali ameshinda, hata kama ni pigo la tatu. Kwenye meza ya sarafu ni hasara, unalipia mipira 15 na kutumia 9.

Sarafu zilizopangwa ukingoni ni za nani?

Ni foleni. Kila sarafu ni mtu anayesubiri, mshindi anabaki, anayefuata analipa. Usisogeze, usibadilishe, na ukienda kula hakikisha mwenzio anakushikia zamu, maana zamu ikikupita imepita.

Pool ni kamari?

Pool ni mchezo wa ujuzi na una mashindano, makocha na waamuzi. Kuweka dau juu yake ni jambo jingine. Michezo ya kubahatisha nchini iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na huendeshwa kwa leseni. Kwetu atakayefungwa analipia gemu inayofuata, na hapo pametosha. Asubuhi siku za kazi hatufungui. Viongozi wamekemea sana vijana kushinda kwenye pool tangu kunapokucha, na kwa hilo sina ubishi nao.

Mashine imemeza sarafu na mipira haijashuka. Nifanyeje?

Usiipige teke. Vuta ulimi mpaka mwisho, usukume tena moja kwa moja bila kusita, maana ukisita katikati unakwama. Ikigoma, muite msimamizi. Ufunguo anao yeye. Na angalia kwanza kama uliweka sarafu ya thamani inayotakiwa.